Mwaka Tuliomsubiri Mzee Stefano

Daktari Lameck tulimzika Jumamosi, na hotuba zilikuwa ndefu kuliko ibada. Wasemaji walipokezana kipaza sauti wakieleza jinsi alivyohangaikia utafiti wa ubongo wakati wenzake wakiuona ni anasa ya nchi tajiri, jinsi alivyogonga milango ya wafadhili hadi ikafunguka, na jinsi alivyosomesha vijana kwa fungu la miradi yake. Walipofika kwenye vijana, mmoja wao akaninyooshea mkono, mimi mama mzima mwenye mvi na miwani, na kanisa zima likageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa. Mapema siku ile mkewe alinikuta jikoni nikipanga sahani, akanivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba watu wa chuo walikwenda kumwomba ruhusa wamfanyie mumewe uchunguzi wa kitaalamu, naye akawakatalia. "Lameck mwenyewe aliniagiza," alisema. "Alisema nikifa mnizike na kila kitu changu, wasinifungue." Alinitazama akingoja nimuunge mkono, nami nikamwambia amefanya vyema. Kisha nikaenda kukaa uani, karibu na mafiga, ili machozi yangu yapate kisingizio cha moshi. Nilimpenda yule mtu, sitasema uongo. Lakini machozi yale hayakuwa yake yote.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kurudi Msowero kukaa na ng'ombe, hadi niliposikia kwamba Mikumi kuna mradi unatafuta msichana anayejua kuandika, kuendesha pikipiki na kuzungumza na wazee bila kuwachosha. Mradi ulikuwa umepanga nyumba iliyowahi kuwa gesti, kando ya barabara kuu, na vyumba bado vilikuwa na namba milangoni. Namba tano nililala mimi. Namba mbili ilikuwa ofisi ya Daktari. Namba tatu ilikuwa maabara: meza ya bati, jokofu lililonguruma na kunyamaza, na harufu ya dawa ya kuhifadhia viungo ambayo ilipita chini ya mlango ikachanganyika na vitunguu vya jikoni. Nje malori ya Zambia yalipita mchana kutwa, na nyani walikaa ukutani wakichungulia madirishani kutuona tunavyokula. Kila Jumanne Daktari alileta ubongo wa ng'ombe kutoka machinjioni, kwa ajili ya mazoezi. Alinifundisha kuulaza, kuukata vipande vyembamba kwa kisu kirefu, kutafuta ndani yake ile sehemu ndogo iliyojikunja iitwayo hipokampasi. Mimi ni mtoto wa wafugaji, ubongo wa ng'ombe nimeula tangu nilipoota meno. Baada ya miezi miwili pale sikuweza tena kuuweka mdomoni, na nilipokwenda nyumbani niliwadanganya kwamba tumbo linauma.

Habari iliyokuwa imemtoa Daktari usingizini ilikuwa kwamba ubongo wa mtu mzima, uliodhaniwa haukui tena, huota chembe mpya hapo kwenye hipokampasi, mahali kumbukumbu zinapoanzia. Alinieleza hayo mezani, ugali ukipoa mbele yake. Je, mzee wa miaka themanini naye huota? Na mzee mwenye kumbukumbu kali, ana chembe changa nyingi kuliko mwenzake aliyekwisha kusahau? Ili kujua, ilibidi kumpima mtu kumbukumbu akiwa hai, mara nyingi, na kisha kuutazama ubongo wake akishakufa. Tena upesi, kwa sababu chembe zile changa hazidumu. Zikipita saa chache huwezi tena kuzitambua. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wametoa fedha za mwaka mmoja wa majaribio. Wangeongeza miaka mitano kama tungewaonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana mahali kama petu. Kwa maneno mengine, walitaka angalau ubongo mmoja. Daktari alilitamka hilo huku akijichotea mchuzi, akaongeza kwamba miaka mitano ikipatikana, kuna nafasi ya masomo ya chuo kikuu kwa msaidizi mmoja, na msaidizi alikuwa mmoja tu. Nilimaliza chakula changu chote siku ile, nikaomba cha kuongeza.

Tuliwaandikisha wazee wa Zombo na Kisanga, na kila mmoja akapewa namba. Namba kumi na moja alikuwa Mzee Stefano wa Zombo. Alikuwa tarishi maisha yake yote, akipeleka barua kwa miguu kutoka Kilosa hadi kwenye shule na makanisa ya milimani, na mpaka siku nilipomkuta alikuwa anajua kila njia panda, kila kijito na jina la kila mbwa aliyewahi kumfukuza. Nilipiga goti nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Msowero, babu. Mimi Msukuma."

"Ala! Mtani wangu!" Akamwita mkewe. "Damari, ficha kuku! Ameingia Msukuma humu ndani."

Bibi Damari akatoka akicheka, akaniletea mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai, na tangu hapo sikuwahi kuingia nyumba ile bila kula. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Nilimtajia maneno matano, tukazungumza mengine, kisha nikamwuliza ayarudie. Aliyarudia kwa mpangilio, kisha kinyumenyume, kisha akanitajia maneno niliyompa mwezi uliotangulia. Nilipomwuliza leo ni tarehe ngapi alikosa, na alipoona ninaweka alama akaghadhibika kidogo. "Tarehe ni ya watu wa ofisini," alisema. "Mimi niulize mvua ya mwisho ilinyesha lini." Nilimwuliza, akanijibu, na nikaiandika pembeni ingawa fomu haikuwa na nafasi yake. Daktari aliposoma karatasi zile aliinuka kitini. "Huyu," alisema. "Huyu ndiye tunayemtaka." Wakati ule nilisikia sifa tu katika maneno yale.

Mwezi wa tatu wa kazi nilimweleza Mzee habari ya baada ya kifo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno laini, lakini hakunipa nafasi ya kuyatumia. Tulikaa barazani, yeye akipukuchua mahindi kwa kidole gumba, na aliposikia akacheka kwa pua. "Kichwa hiki kimebeba barua za watu, mtani. Kimechoka. Kinisaidie nini mimi nikishakufa? Chukueni." Akapukuchua gunzi lile hadi likaisha, akalitupa kwa kuku. "Lakini Raheli muulizeni. Raheli ni umbu langu, dada yangu wa tumbo moja, yuko Kisanga. Akikubali, sawa. Akikataa, basi." Nikamjibu, "Sawa, babu." Kisha nikafungua fomu, nikaandika kwamba mhojiwa ameridhia kwa hiari yake.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nimelizungusha kichwani miaka yote hii nikitafuta upande unaonipendeza. Fomu ilihitaji sahihi ya ndugu wa karibu. Kwetu, baba akifa, mwenye neno ni mwanawe wa kiume. Shangazi hupewa taarifa, hulia, hupewa kiti cha mbele, lakini haamui. Nilisikia ombi la Mzee kwa masikio ya kwetu, nikaona ni adabu tu ya kaka kwa dada. Sikukaa chini nikajiuliza kwa nini amemtaja Raheli asimtaje Elia, mwanawe, aliyekuwa hapo hapo uani akirekebisha baiskeli. Kwa Wasagara, kabila la Mzee, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwili wa mwanamume ni wa dada zake na watoto wa dada zake. Ndio waliozaliwa naye tumbo moja, ndio wanaomwosha na kumlaza. Elia, kwa mtazamo wa watu wake mwenyewe, alikuwa mgeni wa heshima kwenye maiti ya baba yake. Elia alilijua hilo. Lakini alikuwa kijana aliyesoma, mambo ya koo aliyaona ya kizamani, na mradi ulikuwa umeahidi jeneza na usafiri. Masika yalikuwa yameanza, njia ya Kisanga ilikuwa matope matupu, na Daktari alitaka fomu zote kabla ya Ijumaa. Hizo ndizo sababu ninazozitoa mbele za watu. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa Raheli atakataa. Nikamwita Elia, akafuta grisi mikononi, akasaini.

Baada ya hapo kulikuwa na kusubiri. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika Zombo, hivyo mradi ulikuwa umefunga redio ya upepo kwenye zahanati, na kila asubuhi saa mbili sauti ya Daktari ilikoroma kutoka Mikumi ikiuliza hali za namba zetu. Namba nyingine alizipitia haraka. Kwenye kumi na moja alikawia. Amekula? Anatembea? Kile kikohozi vipi? Asubuhi moja niliyokuwa zamu Zombo, Mzee mwenyewe alikuwa pale zahanati kuchukua dawa, amekaa kwenye benchi na fimbo yake, redio ikauliza hali ya namba kumi na moja. Alinitazama nikijibu. Nilipoweka kile kipaza sauti chini akaniuliza, "Kumi na moja ndiye nani?" Nikashindwa kudanganya, nikamwambia ni yeye. Akatikisa kichwa polepole. "Mwambie kumi na moja amekula ugali na mlenda, na ameongeza." Watu wa kwenye benchi wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini nilipotoka nje nilikaa juu ya pikipiki muda mrefu bila kuiwasha.

Siku chache baadaye, Mikumi, nilikuwa jikoni ninakata vitunguu, Daktari akizungumza kwa simu ofisini na mratibu wa mradi aliyekuwa Dar es Salaam. Nilisikia upande wake tu. "Nawaelewa, mama, lakini siwezi kulazimisha," alisema. "Hapana, mwaka unakwisha, hakuna hata mmoja." Nikamsikia akifunua karatasi. "Ndiyo. Yupo mmoja. Ana dalili nzuri." Nikafurahi moyoni, nikidhani anasifia majibu ya kipimo. Nilikwishageuza kitunguu kukikata upande wa pili ndipo nilipoelewa ni dalili za nini. Kilichonitisha zaidi, na hili sikumwambia mtu hata siku moja, ni kwamba furaha ile haikuondoka upesi kama ilivyopaswa. Nilikuwa nimekwisha kujiona nikishuka basi kwenye geti la chuo na sanduku langu. Wiki ileile nilimkuta Mzee amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, amekonda, kikohozi kinamtikisa, na Bibi Damari akimnywesha uji kwa kijiko. Nilijaribu kumpima maneno matano. Aliyasema yote matano, taratibu, kisha akanitazama usoni. "Mtani, mbona unaitazama saa?" Nilikuwa ninaitazama kweli. Nilikuwa ninapiga hesabu gari la Mikumi linachukua muda gani kufika.

Alifariki Ijumaa asubuhi. Nilikuwa Mikumi, na redio ikawaka kabla ya saa yake. Ilikuwa sauti ya Elia. "Mikumi, Mikumi. Namba kumi na moja..." Akakwama. Tukasikia akipumua. Kisha akasema, "Baba amefariki." Daktari alikuwa ameshika funguo za gari tayari, sijui alizichukua saa ngapi. Njiani aliniuliza kila mara saa ngapi sasa, nami nilimjibu. Tulimkuta Bibi Damari amekaa mkekani kando ya mumewe, kanga ameishika mkononi, hajamfunga hata kidevu. Wanawake wa jirani walikuwa ndiyo kwanza wanaingia. Elia na Daktari wakaleta machela.

"Mnampeleka wapi?" Bibi Damari aliuliza. "Si amekwisha kufa? Hospitali ya nini?"

"Mama, nilisaini," Elia alisema. "Atarudi leo leo."

"Raheli amekuja?"

Elia akainua upande wake wa machela. Alituuliza tena wakati tunafunga mlango wa gari, na mara ile alinitazama mimi. Nikasema, "Tutampelekea habari, bibi." Hospitalini nilikaa nje kwenye ngazi, kwa sababu sikuweza kuingia, na Daktari alipotoka amebeba ndoo nyeupe yenye mfuniko uso wake ulikuwa na nuru niliyowahi kuiona kwa watu wanaotoka kubatiza watoto wao. "Saa tatu na nusu tangu afariki," alisema. "Kabula, saa tatu na nusu tu!" Mimi nilimvalisha Mzee kofia ya sufu ili mshono usionekane. Alasiri tulimrudisha Zombo ndani ya jeneza zuri lenye vishikio vya shaba, na majirani wakalisifu.

Bi Raheli alifika kesho yake asubuhi kwa miguu kutoka Kisanga, na wapwa watatu wa marehemu nyuma yake. Alikuwa mama mfupi, mkavu, vitenge viwili vimekazwa kiunoni, na watu walimpisha bila kuambiwa. Hakulia alipoingia. Alisema watoke nje wasiohusika, sasa wao wanamwosha mtu wao. Elia akamwambia amekwisha oshwa hospitalini.

"Na nani?"

"Na wauguzi, shangazi."

"Wageni?" Akaweka mkono juu ya jeneza. "Fungueni."

Walifungua. Alimtazama kaka yake, akamgusa shavu, akamvua kofia. Wapwa wakarudi nyuma hatua moja. Mimi nilikuwa mlangoni nimebeba sinia la vikombe.

"Nani alitoa ruhusa?" Bi Raheli hakupaza sauti.

"Mimi, shangazi. Mimi ni mwanawe."

"Wewe ni mtoto wa Damari. Nakupenda, umekula kwangu, umelala kwangu. Lakini huyu nimenyonya naye ziwa moja. Wewe juu ya kichwa chake una neno gani?" Elia akaangua kilio, mwanamume mzima, na hakuna aliyemshika. "Kiko wapi kilichokuwa humu?" Elia akanionyesha kwa kidevu. Nikapiga magoti pale pale na sinia langu, nikasema kiko Mikumi. "Haya," alisema Bi Raheli. "Haingii kaburini nusu. Nenda kalete. Tunakungoja." Mwinjilisti aliyekuwa amekuja kuendesha ibada akafunga kitabu chake na kwenda kukaa na wanaume wengine chini ya turubai.

Niliendesha pikipiki hadi Mikumi sijui vipi. Daktari alinisikiliza amesimama, mikono mifukoni. "Haiwezekani," alisema. "Uko kwenye dawa tangu jana. Nimekwisha waambia wafadhili. Kabula, unajua kilichomo mle? Kimo kila tulichokifanya mwaka mzima. Na masomo yako yamo mle mle." Nikasema hawatamzika. Nikasema wapo watu zaidi ya mia wamekaa juani na maiti inaanza kuharibika. Alikaa, akajishika paji la uso, na kwa muda nilidhani analia. Sitaki mtu asome hapa adhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuona mlango ukifunguka kidogo baada ya miaka mingi, na alikuwa ameweka mguu. Mwishowe akasema, "Subiri hapa," akaingia namba tatu na kufunga mlango. Nilisikia jokofu likifunguliwa na maji yakimwagika. Alitoka na ndoo nyeupe iliyozungushiwa utepe mfuniko wote. "Peleka," alisema. "Usiifungue, dawa itakuumiza macho." Alisema hivyo akitazama ndoo.

Kabla ya Zombo kuna kijito ambacho wakati wa mvua lazima ushuke pikipiki uivushe kwa kuisukuma. Niliiweka ndoo juu ya jiwe. Nilivusha pikipiki, nikarudi kuichukua, na nilipoishika nikajua kwamba nitaifungua. Ubongo wa ng'ombe ni mdogo, umerefuka, na mbele una vinundu viwili vya kunusia vilivyo wazi kama vidole gumba. Ningeutambua hata gizani. Lakini huu sikuhitaji hata kuutambua kwa umbo, kwa sababu ubavuni ulikuwa na mkato uliopinda, nilioukata mimi mwenyewe Jumanne iliyopita, Daktari akanicheka na kusema kisu kinataka subira. Nilikaa juu ya lile jiwe. Nilifikiri kurudi. Nilifikiri kuimwaga ndoo majini niseme imeanguka. Nilifikiri kuhusu Elia, ambaye ukoo wa baba yake ungemfukuza, na Bibi Damari, na maiti, na jua lile. Yote hayo yalikuwa mambo ya kweli, na nyuma yake kulikuwa na geti la chuo. Nilifunga mfuniko, nikaubana utepe kwa kiganja mpaka ukashika, nikaendelea na safari.

Waliponiona walisimama. Bi Raheli aliipokea ndoo kwa mikono miwili, akaiinamia, kisha akanirudishia. "Wewe ni mtani wake," alisema. "Watani ndio kazi yao. Uweke wewe." Watani wengine, wazee wa Kisukuma wa jirani, walikuwa tayari kaburini, mmoja alikuwa amelala ndani akidai hatoki bila kulipwa jogoo, na waombolezaji waliokuwa na nyuso za mawe tangu jana walikuwa wanaanza kulegea. Kwenye msiba mtani husema lolote. Anamtukana marehemu, anadai sanda, anajigaragaza, na hakuna anayekasirika. Nilijua hivyo, na ninaapa kwamba ndiyo maana nilifungua mdomo pale na si mahali pengine. Nilinyanyua ndoo juu ya kichwa. "Wasagara!" nikapaza sauti. "Mnadhani nimewaletea mtu wenu? Nimewaletea ubongo wa ng'ombe! Dume la Msowero, tena pumbavu, nimeona mtafaidi akili zake!"

Kicheko kilichotoka pale sijapata kukisikia tena. Wanawake walipigana mabega. Wapwa watatu waliokuwa wamenikazia macho waliinama wakicheka na kulia pamoja, Elia akacheka, hata Bibi Damari akajifunika mdomo kwa kanga. Bi Raheli alicheka hadi akashika kiuno, na machozi aliyoyazuia tangu alfajiri yakamtoka. "Msukuma huyu!" alisema. "Msukuma huyu ataniua!" Nikamsogelea. "Ni wa ng'ombe kweli, bibi," nikasema kwa sauti ya chini, nikimtazama machoni. "Nasema kweli." Akanipiga begani akicheka zaidi, akawarudia wenzake nilivyosema, nao wakaanza upya. Mara ya tatu sikusema. Nilishuka kaburini, nikaiweka ndoo pembeni mwa kichwa cha Mzee Stefano, wakanivuta juu kwa mikono, wakanipa jogoo.

Barua ya wafadhili ilifika baada ya majuma sita. Miaka mitano. Mratibu alikuja kutoka Dar es Salaam na keki, tukaila ofisini kwenye sahani za bati, na Daktari akasoma kwa sauti ukurasa wenye jina langu kwenye orodha ya watakaosomeshwa. Hatukuwa tumezungumza juu ya ndoo. Hatukuzungumza siku ile, wala mwaka uliofuata, wala kitandani kwake hospitalini mwezi uliopita, nilipomshika mkono na yeye akanitazama kwa muda mrefu kisha akageukia ukuta. Nimefundisha wanafunzi wengi sura ya hipokampasi kwa picha zilizotokana na kichwa kile. Huwa ninawaambia ni cha mzee mmoja tarishi aliyekumbuka kila kitu, wanaandika, na ninakwenda kunywa maji.

Lakini siku ninayoiona nikifumba macho si ya kaburini. Ni asubuhi moja ya kiangazi, Mikumi, wiki chache kabla sijaondoka kwenda chuo. Bi Raheli alishuka kwenye basi na wapwa wale watatu, wamevaa nguo za kanisani. Walikaa chumba namba mbili kwenye benchi, magoti yamebanana. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitikia na kunishika kichwa. Alisema ukoo umekaa kikao. Alisema watu wengi walikuwa wanaeneza maneno kwamba mradi unauza vichwa, na yeye aliwajibu kila mahali, hata kanisani, kwamba ni uongo. Yeye alidai kichwa cha kaka yake na wale watu wakakileta, mchana kweupe, mbele ya kila mtu. Wapwa wakaitikia kwa vichwa. Alisema mtu akikutendea haki nawe umtendee, na kwamba Stefano alitaka jambo hili, basi naye yuko tayari, na safari hii wenye neno wote wapo na wamekubali. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakunywa, hakuingia.

"Nami mtanirudisha?" Bi Raheli aliniuliza. "Nizikwe mzima, kama kaka?"

Nilimtazama Daktari. Alikuwa ananitazama mimi.

"Tutakurudisha, bibi."

"Basi niandike."

Nikavuta fomu, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, wapwa wakatia sahihi mmoja baada ya mwingine. Yeye hakujua kuandika. Nikafungua kidau cha wino, nikamshika kidole gumba, nikakibonyeza kwenye karatasi.